Benchi Si Darasa

Kila kijana aliyewahi kuvaa jezi nambari 15 anaijua sentensi hii: "Tulia, zamu yako itafika." Anaambiwa akiwa kidato cha kwanza, anaambiwa cha pili, anaambiwa cha tatu. Akifika cha nne, kuna senta mrefu ameletwa kutoka kaunti nyingine, na sasa wimbo unabadilika: "Wewe ni mtu wa timu." Tafsiri ya mtaani ni fupi. Beba maji, piga makofi, na ukiitwa kwa picha simama nyuma.

Mimi hufunza vijana basketi wikendi kwenye korti ya simiti huku Eastlands. Ringi ni mbili, moja imepinda. Hakuna anayenilipa, kwa hivyo hakuna anayeweza kunifuta, na hiyo inanipa nafasi ya kusema kitu ambacho makocha wengi wanakijua ila hawawezi kukitamka mbele ya mwalimu mkuu: vijana wetu hawakui kimchezo kwa sababu hawachezi. Wanafanya mazoezi, wanakimbia, wanapiga push-up hadi mikono inatetemeka, wanasafiri na timu. Lakini kucheza, ile yenyewe, yenye refa na saa na mpinzani asiyekuhurumia, hawachezi.

Najua jibu litakalokuja. "Kucheza si haki, ni kitu cha kupiganiwa. Mazoezini ndipo mtu anajitengeneza." Nimelisikia sana, na nusu yake ni kweli. Wacha nianze na hiyo nusu.

Mazoezi yanajenga mkono. Ukitaka kurusha vizuri, rusha mara mia tano kwa siku. Hakuna mechi itakayokupa mitupo mia tano. Ukitaka kudribo kwa mkono wa kushoto, jifungie kwa uwanja peke yako hadi jirani walalamike. Hapo sina ubishi. Lakini mpira wa vikapu si mkono peke yake. Ni kuona. Ni kujua kwamba beki anayekukaba ameegemea upande mmoja, kwamba mwenzako yuko wazi kwa kona lakini kwa nukta moja tu, kwamba refa wa leo anapuliza faulo ndogo ndogo kwa hivyo toa mikono. Ni kusimama kwenye mstari wa adhabu, timu iko chini kwa pointi moja, miguu imekufa, na shule nzima ya wapinzani inakupigia kelele. Hilo utalifanyia mazoezi wapi? Kocha anaweza kupiga filimbi na kusema "jifanyeni tuko chini kwa moja", na kila mtu acheke. Mwili unajua wakati wa mchezo na wakati wa kujifanya.

Ndiyo maana kila msimu tunaona kijana ambaye mazoezini ni moto, wasee wote wanamwogopa, halafu siku anapoingizwa kwa mechi anapoteza mpira mara mbili kwa dakika moja na kurudishwa benchi. Kocha anasema: "Mnaona? Hayuko tayari." Kweli hayuko tayari. Na hatakuwa tayari, kwa sababu kile ambacho kingemfanya awe tayari ndicho anachonyimwa kwa kuwa hayuko tayari. Ni sawa na kumwambia mtoto hataingia majini hadi ajue kuogelea.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu hudanganywa. Mechi ya kanuni za FIBA ni dakika 40. Kila timu ina watu watano uwanjani. Tano mara 40 ni 200. Hizo ndizo dakika ambazo kocha anazo mkononi kila anapoingia uwanjani: 200. Orodha ya timu ni wachezaji 12. Ukimpa kila mmoja dakika 8, umetumia 96. Zimebaki 104. Wape watano wako bora hizo zote, ugawe sawa, na kila mmoja wao anafikisha karibu dakika 29.

Soma tena hapo. Nyota wako anacheza dakika 29 kati ya 40, na bado hakuna hata mtoto mmoja aliyemaliza mechi akiwa na jasho la kupiga makofi tu. Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba kuwapa wote nafasi ni kuitupa mechi, mwombe atoe kalamu mwandike pamoja. Hatuzungumzii kumtoa nyota. Tunazungumzia kumpumzisha dakika 11, ambazo kusema kweli magoti yake yanazihitaji.

Na tuongee kuhusu hayo magoti, maana huyu nyota pia anaumia. Mashindano ya shule huchezwa siku mfululizo. Kijana wa miaka 17 anacheza mechi nzima leo, kesho mbili, keshokutwa nusu fainali. Yule aliyeletwa kutoka mbali kwa ahadi ya karo ndiye anayesagwa zaidi: hapumziki, hawezi kusema goti linauma, kwa sababu anajua kilichomleta ni goti hilo hilo. Akiumia, anarudi nyumbani kimya kimya na mwaka ujao analetwa mwingine. Kwa hivyo watu wakidhani natetea wa benchi dhidi ya wa uwanjani, hawajanielewa. Mfumo huu unawanyima saba na kuwachosha watano. Wote 12 wanalipa.

Hapo mtu ananiletea mifano ya NBA. "Lakini Jermaine O'Neal alikaa benchi Portland miaka minne, si akawa nyota?" Kweli alikaa. Aliingia 1996 akitoka shule ya upili, akasubiri misimu minne, na mwaka 2000 akapelekwa Indiana. Hapo ndipo alipoanza kucheza kila usiku, na kufikia 2002 alikuwa amechaguliwa mchezaji aliyeimarika zaidi na akaingia timu ya nyota. Sasa niambie, huo mfano ni wa nani, wako au wangu? Kijana alikaa, hakujulikana. Akapewa dakika, akajulikana. Tena O'Neal alikuwa akilipwa mshahara kukaa pale, anakabana mazoezini kila siku na wakubwa wa dunia, na msimu wao ni mechi 82. Kijana wa kwetu anakaa benchi kwa msimu ambao unaweza kuisha kwa wikendi moja.

Mfano ninaoupenda ni wa Joel Embiid. Mtoto wa Yaoundé, alianza mpira huu akiwa kijana mkubwa tayari, akapelekwa Marekani mwaka 2011. Shule ya kwanza, Montverde, ina timu kali sana, na hapo alikosa nafasi ya kucheza. Je, alitulia asubiri zamu? Alihamia shule nyingine ya Florida isiyo na jina kubwa hivyo, akaenda kucheza. Mwaka 2014 alichaguliwa wa tatu katika drafti ya NBA, na 2023 akawa mchezaji bora wa ligi nzima. Angeshauriwa na makocha wetu, angebaki benchi ya timu kubwa kwa sababu jezi yake ni nzuri.

Au tuje karibu zaidi. Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini, alikulia Uganda. Hakuwa ameshika mpira wa vikapu kwa miaka mingi. Lakini Ligi ya Kikapu ya Afrika, ile BAL, ilianzisha mwaka 2022 mpango wa kuweka kijana mmoja wa akademia ya NBA iliyoko Senegal katika kila timu. Maluach akacheza BAL misimu mitatu na timu tatu: Cobra Sport ya Sudan Kusini, AS Douanes ya Senegal, kisha City Oilers ya Uganda. Alikuwa bado mtoto, anasukumana na wanaume wenye ndevu na familia. Mwaka 2024 alikuwa kwa Olimpiki Paris na nchi yake akiwa na miaka 17. Mwaka 2025 alichaguliwa wa 10 katika drafti. Sisemi dakika peke yake ndizo zilizomfikisha. Urefu wake si wa kununuliwa dukani. Lakini tazama walichofanya waliomlea. Hawakumwambia asubiri akomae ndipo acheze. Walimtafutia mechi, mwaka baada ya mwaka, za kiwango kinachopanda.

Hata sisi tunaye wa kutolea mfano. Madina Okot, kabla ya watu wa Mississippi State na baadaye South Carolina kumjua, alikuwa akiichezea Zetech kwenye ligi yetu ya wanawake. Timu za vyuo vikuu zinapowaamini vijana wao na kuwapeleka ligi kuu dhidi ya timu za mashirika zenye wachezaji waliokomaa, zinapigwa mara nyingi, ndiyo. Lakini hizo ndizo zinazotoa watu.

Kuna kitu kingine ambacho kocha wa kikombe hukosea: anadhani anajua nani ni nani akiwa na miaka 15. Hajui. Hakuna anayejua. Anthony Davis alikuwa mchezaji wa nje, wa kimo cha kawaida tu kwa basketi, hadi akashika kasi ya kurefuka akiwa shule ya upili na kuongeza kama inchi nane. Aliporefuka, bado alikuwa na mikono na macho ya mtu mfupi, na hiyo ndiyo iliyomfanya awe wa ajabu. Sasa fikiria angekuwa kwetu. Kidato cha pili: "Wewe ni mfupi, keti." Kidato cha tatu amekata tamaa, yuko kwa klabu ya drama. Kidato cha nne anapita kwa mlango akiinama na mwalimu wa michezo anamkimbilia: "Kijana, umewahi kucheza basketi?"

Wanaokua mapema hutawala umri mdogo kwa sababu ya mwili tu. Wanaokua baadaye hulazimika kufikiri, kupiga pasi, kujua kona. Ukiwaweka benchi hadi waondoke, umetupa akili na kubaki na urefu. Halafu tunashangaa kwa nini timu zetu zina watu wanaoruka vizuri na hakuna wa kuchezesha.

Niliwahi kumuuliza mwalimu mmoja wa michezo, mtu mzima ninayemheshimu, kwa nini wachezaji wake wa akiba hawaingii hata timu ikiongoza kwa pointi 20. Akanijibu bila kuficha: "Kijana wangu, mimi siulizwi ni wangapi wamecheza. Naulizwa kikombe kiko wapi." Nilimwambia, "Mwalimu, na hao waliokaa je?" Akasema, "Hao wanajifunza kwa kuangalia."

Simlaumu peke yake. Anajibu mtihani aliopewa. Lakini hilo la kujifunza kwa kuangalia nalikataa. Kuangalia kunafundisha kama kuna mtu anakuuliza umeona nini. Kocha anayegeuka nyuma na kusema, "Wewe, nani hajarudi kukaba? Ungeingia ungefanya nini?" huyo anafundisha benchi lake. Wengi hawageuki. Benchi linaangalia mechi kama mashabiki wengine, tofauti ni kwamba mashabiki wana ruhusa ya kwenda kununua smoki.

Na tafadhali msinihesabie dakika za makombo. Unazijua: timu iko juu kwa 30, zimebaki dakika mbili, kocha anageukia benchi na kuwaita wote kwa mpigo kama watu wa kushusha mizigo. Wanaingia baridi, misuli imelala. Kila mmoja anajua ana nafasi moja ya kuonekana, kwa hivyo hakuna pasi. Kila mtu anarusha kutoka alipo. Halafu kocha anatikisa kichwa: "Nikiwaingiza wanacheza ovyo." Si ndivyo ulivyowafundisha? Mtu anayelishwa makombo hujifunza kunyakua. Mwingize kijana robo ya pili, alama zikiwa 18 kwa 17, pamoja na wanne wanaojua kazi, na umwambie akikosea hutamtoa. Hapo utaona anacheza nini.

Wengine watanikumbusha kwamba hata Marekani wanalia kuhusu mechi nyingi. Ni kweli. Mwaka 2015 Kobe Bryant aliishambulia hadharani ile mifumo yao ya mashindano ya kiangazi, akisema inazaa watoto wasiojua misingi, na kwamba Wazungu wa Ulaya wanafunza watoto wao vizuri zaidi. Alikuwa sahihi kwa tatizo lake. Mtoto wa kule anaweza kucheza mechi nne kwa wikendi moja na asifanye mazoezi ya maana mwezi mzima. Sisi ugonjwa wetu ni kinyume, na dawa ya mtu aliyevimbiwa haipewi mwenye njaa. Na hata huko, mwongozo ambao NBA na USA Basketball wametoa kwa watoto unasema wadogo wagawane muda wa kucheza sawa. Hao ndio wenye ushindani mkali kuliko wote duniani, na wamekubali kwamba kuna umri ambapo kazi ya mechi ni kukuza mtu.

Kwa hivyo tufanye nini? Nina mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji uwanja mpya.

La kwanza, kanuni ya dakika 8. Katika mechi za shule hadi ngazi ya kaunti, kila aliyeandikwa kwenye orodha acheze angalau dakika 8, na azicheze ndani ya robo tatu za kwanza. Robo ya nne mwachie kocha apange anavyotaka. Kuanzia ngazi ya kanda na taifa, kocha awe huru. Nani ataharibikiwa? Wapinzani wako pia wamefungwa na kanuni hiyo hiyo.

La pili, karatasi ya mechi iandike dakika. Leo karatasi inaweka alama ya x tu mchezaji akiingia, iwe alicheza robo nzima au sekunde tisa. Mtu mmoja mezani mwenye simu anaweza kuhesabu dakika za kila mchezaji. Kitu kisichoandikwa hakuna anayekijibu.

La tatu, mechi ya timu ya pili. Timu mbili zimesafiri, marefa wamefika, uwanja upo. Baada ya mechi kubwa, wachezaji wa akiba wacheze dakika 20, saa isisimame. Gharama yake ni nusu saa ya kuchelewa kupanda basi.

La nne ndilo kubwa: tupunguze mtoano. Basketi ya watu watano shuleni imefungiwa muhula wa kwanza, na kwa mtoano hesabu ni ya kikatili: raundi ya kwanza ikiisha, nusu ya timu zimerudi nyumbani. Shule imefanya mazoezi wiki nyingi kwa mechi moja ya dakika 40. Katika hali hiyo hata mimi ningeogopa kumwingiza nambari 15. Lakini shule sita zilizo karibu zikiamua kuchezeana kila Jumamosi, nyumbani na ugenini, kila moja ina mechi 10. Ukipoteza leo kuna wiki ijayo. Kocha mwenye mechi 10 ana nafasi ya kuvumilia makosa ya mtoto.

Serikali nayo imejiingiza yenyewe kwenye hoja hii. Tangu Januari 2026 wanafunzi wa gredi ya 10 wako shule za upili za mfumo mpya, na moja ya njia tatu walizowekewa ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Yaani michezo sasa ni somo. Basi tuulize maswali ya somo. Mwalimu wa Kemia akiwa na wanafunzi 12, awaruhusu watano kushika mirija na kuwaambia saba wapige makofi, wazazi wangefika shuleni kesho yake asubuhi. Kwa nini iwe sawa kwa sababu mwalimu amevaa filimbi?

Wazazi, neno moja kwenu: msimfuate kocha kwenye maegesho kumdai dakika za mtoto wenu. Dakika 8 ninazozitetea ni za kila aliyefika mazoezini, si za aliyefika na mama mwenye sauti. Asiyekuja mazoezini akae. Anayemtukana refa akae. Nafasi ya kucheza haiondoi nidhamu; inaipa sababu ya kuwepo.

Mwaka 2021, Kenya ilirudi AfroBasket baada ya miaka 28. Tylor Ongwae aliipiga ile ya mwisho dhidi ya Angola kule Cameroon, 74 kwa 73, na nchi nzima ikajifanya imekuwa ikifuatilia basketi tangu zamani. Wengi walisema huyo mtu hana woga. Ongwae alikuwa amepitia chuo Marekani na ligi za Ulaya. Mkono ule ulikuwa umeshika mpira wa dakika ya mwisho mara nyingi kabla ya siku hiyo, na umekosa mara nyingi pia, mbele ya watu. Woga huo alimalizana nao uwanjani.

Jumamosi hii kuna mechi mahali karibu nawe. Nenda. Usiangalie ringi peke yake, angalia na benchi. Hesabu ni wangapi watamaliza mechi na jaketi zikiwa zimefungwa hadi shingoni. Kisha, kwa heshima zote, mwendee kocha umuulize: hawa umewaandika ili wafanye nini?